Mswaki wa umeme au wa mkono: tuongee kwa vipimo

#1 ChongeJuu

Wakuu, swali hili linarudi kila baada ya muda na majibu ni yale yale: mmoja atasema wa umeme ni anasa, mwingine atasema wa mkono umepitwa na wakati. Naomba tuanze na kazi yenyewe kabla ya kifaa.

Mswaki upo kwa ajili ya kubandua utando. Huu ni bakteria walioshikana juu ya jino, rangi nyeupe au manjano hafifu, na ukipitisha ulimi unausikia kama ukwaru mlaini. Kusukutua hakuubandui, lazima usuguliwe. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha ndani ya siku moja hadi tatu, na ukishakuwa ugaga hakuna mswaki duniani utakaoutoa. Hapo ni mpaka mtaalamu wa meno aukwangue.

Mswaki wa mkono unakuachia kazi mbili: kuufikisha mahali, na kuuchezesha ukiwa pale. Wa umeme unakupokea hiyo ya pili tu. Kuufikisha nyuma ya gego la mwisho, upande wa ndani, kwenye mstari ambapo jino linakutana na ufizi, bado ni juu yako. Anayeruka mahali kwa wa mkono ataparuka pale pale kwa wa umeme.

Ushahidi upo. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, yalichambua majaribio 56. Waliotumia wa umeme walikuwa na utando pungufu kwa asilimia 11 katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu, na asilimia 21 kwa waliofuatiliwa zaidi ya miezi mitatu. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Ushahidi mwingi ulihusu aina ya kichwa cha duara kinachozunguka kidogo kwenda na kurudi.

Msimamo wangu: mwenye mkono mzuri, nyuzi laini na dakika mbili kamili asubuhi na usiku halazimiki kununua chochote. Asiyeyaweza hayo, iwe kwa sababu ya viungo, haraka au mkono mzito, wa umeme utamfaa. Karibuni tuongeze.

#2 FiziKwanza

Mkuu umefungua vizuri, ila "mkono mzuri" tusiuache hewani. Watu wengi wanaposhindwa na mswaki wa kawaida, shida ni namna wanavyousukuma mbele na nyuma kama wanafagia.

Njia inayofundishwa zaidi kwa watu wazima ni ile ya daktari Mmarekani Charles Bass, pamoja na nyongeza iliyokuja baadaye. Inakwenda hivi. Laza nyuzi kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa nyuzijoto 45, nusu ya nyuzi zikigusa jino na nusu zikigusa ufizi. Bonyeza kidogo tu mpaka ufizi ubadilike rangi kwa mbali. Tetemesha mkono kwa miendo mifupi sana, ncha za nyuzi zisihame pale zilipo, kama mara kumi. Kisha viringisha kifundo cha mkono ili nyuzi zifagie kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unafagia kwenda chini, ya chini unafagia kwenda juu. Sogea meno mawili au matatu, rudia.

Nyuma ya meno ya mbele kichwa hakiingii kikiwa kimelala. Simamisha mpini wima utumie nyuzi za kwenye ncha. Uso wa kutafunia ndio mahali pekee ambapo mwendo wa mbele na nyuma una maana.

Anzia upande wa ndani wa meno ya chini. Ndio unaorukwa zaidi, na ukiuacha wa mwisho mkono umeshachoka na mdomo umejaa povu. Halafu angalia chonge: pale mkono unapogeuka kutoka meno ya pembeni kwenda ya mbele, watu ama wanaruka jino ama wanalisugua mara mbili kwa nguvu.

Kuhusu mswaki wenyewe: nyuzi laini, zilizoviringwa ncha, kichwa kifupi cha sentimita mbili hadi mbili na nusu. Nyuzi ngumu hazisafishi zaidi; zinashindwa kupinda kuingia chini ya ukingo wa ufizi, ndiyo maana wanaozipenda huishia kubonyeza zaidi.

#3 ChongeJuu

Samahani mkuu, hapo juu nadhani ulimaanisha pembe ya digrii 45, isije mtu akafikiria joto la maji. Mengine yote nayaunga mkono.

#4 FiziKwanza

Ndiyo, digrii 45 za pembe. Asante.

#5 SaketiNdogo

Niingie upande wa mashine, maana watu husema "wa umeme" kana kwamba ni kitu kimoja. Viko vitu vitatu tofauti dukani.

Kuna wa kichwa cha duara, mdogo wa kukaa juu ya jino moja. Ndani mota inageuza mhimili kidogo kwenda na kurudi, kwenye modeli nyingi mara elfu kadhaa kwa dakika, na baadhi zinaongeza kupiga mbele na nyuma. Huu unauweka ukitazama jino moja kwa moja, kisha unauinamisha kidogo kuelekea ufizi. Unakaa jino moja sekunde mbili au tatu, unafuata mviringo wa jino na wa ufizi, unahamia lingine.

Kuna wa mtetemo wa kasi, kichwa kirefu kinachofanana na wa kawaida. Hauzunguki, unatikisika upande hadi upande, na chapa ya Sonicare ya kampuni ya Philips hutaja miendo 31,000 kwa dakika. Unaulaza kwa digrii zile zile 45 alizotaja FiziKwanza, na unauburuta polepole. Watengenezaji husema maji na povu linalorushwa hufika mahali ambapo nyuzi hazifiki. Mdomoni msitegemee sana hilo, tegemeeni nyuzi zinazogusa.

Wa tatu ni ule wa bei ya chini wa betri za kubadilisha. Mingi ni mota yenye uzito uliopinda upande mmoja, inayotikisa mpini mzima. Betri zikianza kuisha kasi inashuka taratibu na mtumiaji haoni. Mimi nauhesabu kama mswaki wa mkono unaotetemeka: usugue kwa mbinu ya mkono.

Kosa kubwa kwa aina zote mbili za kwanza ni kusugua. Mtu akishika mswaki wa umeme na kuusukuma kama wa kawaida, kichwa hakitulii popote muda wa kutosha, na juu yake anaongeza nguvu. Uongoze tu. Kubonyeza sana kunaua mwendo: kichwa cha duara kinapunguza mzunguko, cha mtetemo kinabana nyuzi zisicheze.

#6 Punje

Wakuu naomba nipinge kidogo. Hizo asilimia 21 zinatajwa kila mahali kana kwamba meno yaliyotoboka yamepungua kwa kiasi hicho. Zilikuwa alama za utando, basi. Na majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi. Kutoboka kwa jino kunachukua miezi na miaka, na kunategemea sukari na floraidi (madini ya kwenye dawa ya meno yanayokinga jino) kuliko aina ya mswaki.

#7 ChongeJuu

Uko sahihi, na niliandika utando na fizi kwa sababu hiyo. Waandishi wa mapitio yale wenyewe walisema umuhimu wake kitabibu kwa muda mrefu haujawa wazi.

Upo utafiti wa Ujerumani, eneo la Pomerania, uliofuatilia watu wazima kwa miaka 11. Waliotumia wa umeme walionekana kuwa na fizi zilizoharibika polepole zaidi na meno mengi zaidi mdomoni. Lakini watu wale walijichagulia mswaki wao wenyewe, hawakupangiwa. Anayenunua wa umeme huenda ndiye pia anayekwenda kliniki mara nyingi. Kwa hiyo unatia moyo, haumalizi ubishi.

Kwenye kutoboka nakubaliana nawe moja kwa moja: floraidi kwanza. Dawa ya meno yenye floraidi 1,350 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni) kwa mtu mzima, soma ubavuni mwa bomba. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji, ile iliyobaki kwenye meno ndiyo inayoendelea kufanya kazi. Hili lina faida kwa mswaki wowote na halina gharama. Tena wengi wanalipuuza kuliko yote tuliyoyataja humu.

#8 MsomajiKimya

Je, kwa mtu ambaye fizi zimerudi nyuma na meno yanauma akinywa kitu cha baridi? Nimesikia wa umeme unazila fizi zaidi.

#9 FiziKwanza

Ndugu, tafiti zilizolinganisha hazikuonyesha kwamba wa umeme una madhara zaidi kwa fizi kuliko wa mkono. Kinachokula ni nguvu, pamoja na nyuzi ngumu na dawa yenye chembe za kukwaruza, hasa unga wa mkaa. Alama yake ni kijishimo kama kabari kwenye shingo ya jino, karibu na ufizi, mara nyingi upande ule ambao mkono una nguvu zaidi.

Pima nguvu yako. Weka mzani wa jikoni mezani, bonyeza mswaki juu yake kwa namna unavyopiga kila siku, usome. Gramu 150 hadi 200 zinatosha. Wengi hujikuta juu ya hapo sana. Rudia mara kadhaa mkono uzoee uzito huo. Kingine ni kushika mpini kwa ncha za vidole, kama kalamu. Ukiukamata kwa kiganja kizima huwezi kuwa mpole.

Kwa mtu wa namna hiyo ningesema achukue wa umeme wenye sensa ya mgandamizo, taa inayowaka au mashine inayopunguza kasi akizidisha. Hapo ndipo kifaa kinapomlipa mtu kweli, maana mswaki wa mkono haukwambii kitu. Dalili pekee ni nyuzi kutawanyika nje ya kichwa kabla ya miezi mitatu kuisha.

Na kama fizi zinatoka damu, usiache kupiga hapo. Damu mara nyingi ni uvimbe uliosababishwa na utando uliobaki. Endelea polepole kila siku, na kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi hapo, au jino likicheza, au pakiwa na usaha, nenda kwa daktari wa meno. Usibadilishe mswaki ukingoje.

#10 Punje

Niongeze: baada ya soda, juisi ya limau au kutapika, subiri angalau dakika 30. Asidi inalainisha enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, kwa muda, na ukisugua hapo unaondoa jino lenyewe. Sukutua maji ya kawaida, subiri mate yafanye kazi. Ni kwa miswaki yote miwili, ila mwenye mkono mzito anaumia zaidi.

#11 SaketiNdogo

Sasa utunzaji, maana mashine nyingi zinakufa kwa uzembe na si kwa umri.

Kila ukimaliza, chomoa kichwa. Ndani ya shingo yake maji yaliyochanganyika na dawa hushuka na kukaa kuzunguka mhimili wa chuma. Baada ya siku chache panajaa ute mweusi au wa kijivu, wenye harufu. Suuza kichwa kutoka pande zote mbili, suuza mhimili, futa, viache vikauke vikiwa vimetengana. Kifuniko cha plastiki kisicho na matundu usikitumie nyumbani, kinafungia unyevu.

Kwenye mzizi wa mhimili kuna mpira wa kuzibia maji. Ndio unaolinda kila kitu. Usiuchokonoe kwa pini, usiuoshe kwa maji ya moto sana, na usipake mafuta yoyote. Ukichanika, maji yanaingia kwenye saketi. Utaona mashine inajiwasha yenyewe, au haizimi, au inatoa uchafu wa kijivu chini ya mpini. Ikifika hapo, kuifungua kwa kawaida hakusaidii, kwa sababu mipini mingi imebanwa kiwandani na ukiifungua kinga ya maji haitarudi.

Chaji inapita bila waya kugusana: koili (waya uliosokotwa) iliyo kwenye kitako cha kuchajia inazalisha uga wa sumaku, koili nyingine iliyo chini ya mpini inaupokea. Kwa hiyo kitako kikiwa na dawa iliyoganda mpini haukai sawa, na chaji inakuwa dhaifu au haiji kabisa. Chomoa umeme kwanza, kisha futa kwa kitambaa kibichi. Joto kidogo wakati wa kuchaji ni la kawaida. Mtu mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asome maelekezo na amuulize daktari wake kabla ya kukaa karibu na kitako hicho.

Betri: za zamani za nikeli zinapenda kutumika mpaka ziishe mara moja kila baada ya miezi sita hivi, kisha zichajiwe kikamilifu. Za lithiamu hazihitaji hilo, ila usiziache zimeisha kabisa kabatini kwa miezi. Angalia maandishi chini ya mpini, huwa yanataja aina.

Mwanya mdogo kama milimita moja kati ya kichwa na mpini ni wa kawaida kwenye modeli nyingi. Usikigonge kichwa ili uuzibe. Kikigusa, kinakwaruza na mota inalia. Kelele mpya iliyoanza ghafla, jaribu kwanza kichwa kingine: mara nyingi ni kichwa kilicholegea na mota haina shida.

#12 MamaMlezi

Mnawasahau wanaopigiwa mswaki na wengine. Kwa mzee mwenye baridi yabisi ya vidole, aliyepooza upande mmoja, au anayetetemeka mikono, wa umeme una faida mbili: mpini mnene usiohitaji kukaza ngumi, na mwendo usiohitaji kifundo cha mkono. Kama anatumia wa mkono, nenepesha mpini kwa sponji au mpira wa baiskeli uliofungwa vizuri, kipenyo cha sentimita tatu hivi.

Kwa mlezi anayempiga mtu mwingine mswaki: simama nyuma yake au pembeni, egemeza kichwa chake kwenye mkono wako, vuta shavu kwa kidole ili uone. Anza na mswaki umezimwa mdomoni, kisha uwashe. Ukiwasha nje, povu linamrukia usoni na wengine wanashtuka wanafunga mdomo. Dawa iwe kidogo. Aliye na shida ya kumeza asilazwe chali.

Watoto: toka jino la kwanza, dawa ya kupaka tu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi apige mwenyewe au asimamie mpaka miaka saba au minane, hata kama mswaki ni wa umeme wenye nyimbo na taa. Mtoto wa miaka minne akiushika peke yake atausafisha uso wa mbele na kutafuna nyuzi. Kichwa kiwe cha watoto, na wa umeme uanzie umri ulioandikwa kwenye pakiti.

#13 MsomajiKimya

Asanteni sana. Na mwenye vyuma vya kunyoosha meno?

#14 FiziKwanza

Vyuma vinatega chakula juu na chini ya waya, kwa hiyo kila jino lina kazi mbili upande wa nje. Mswaki uelekee juu ya chuma kwa digrii 45, kisha chini ya chuma kwa digrii 45 kutoka upande wa pili, halafu umalizie kwenye ufizi. Wa umeme wenye kichwa cha duara hufaa. Wa mtetemo pia unafaa, haubandui chuma kilichobandikwa sawasawa. Chuma kikitoka, mara nyingi kilikuwa kimeshalegea kwa kutafuna vitu vigumu.

Ila chini ya waya, kati ya chuma na chuma, hakuna kichwa cha mswaki kinachofika vizuri. Hapo ni vile vibrashi vidogo vya kuingiza katikati ya meno. Na hili si la wenye vyuma peke yao: mswaki wowote unashindwa kufika sehemu ambapo jino linagusana na jirani yake. Mara moja kwa siku, kabla ya kulala. Penye nafasi tumia kibrashi kinachoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Panapobana kabisa tumia uzi wa meno: ukumbatishe jino kwa umbo la herufi C, uushushe mpaka chini kidogo ya ufizi, pandisha na ushushe mara chache, kisha ukumbatishe jino la jirani kabla ya kuutoa.

Mtu akiniuliza pesa zake za ziada zianzie wapi, kwenye mashine au kwenye vibrashi, kwa mwenye mkono mzuri najibu vibrashi.

#15 Punje

Hapo tumekutana. Na kwa asiyejua kama ana mkono mzuri, viko vidonge vya rangi vya kuonyesha utando. Unatafuna kimoja baada ya kupiga mswaki kama kawaida, unazungusha mate mdomoni sekunde 30, unatema. Utando uliobaki unashika rangi. Chukua kioo na taa, angalia upande wa ndani wa magego ya chini na nyuma ya gego la mwisho. Rangi ikiwa kwenye mstari wa ufizi meno yote, pembe ndiyo mbaya. Ikiwa sehemu moja tu, unaruka hapo. Ikiwa kati ya meno tu, mswaki umefanya kazi yake, kinachokosekana ni uzi.

#16 ChongeJuu

Hicho kipimo kifanywe kabla ya kununua. Piga na wa mkono kwa mbinu ya FiziKwanza kwa wiki mbili, pima tena. Rangi ikipotea, baki nao. Ikibaki kila mahali licha ya dakika mbili kamili, nunua wa umeme.

Ukinunua, vitu vitatu ndivyo vya kutazama: kipima muda kinachokatisha kila sekunde 30 ili ugawe mdomo sehemu nne, sensa ya mgandamizo, na vichwa vya kubadilisha vinavyopatikana kwa urahisi. Programu ya simu, rangi kumi za taa na hali saba za kusafisha havina uzito huo. Karibu kila mtu hutumia hali moja. Vichwa ni gharama ya kudumu, kila miezi mitatu, au mapema zaidi nyuzi zikipinda. Kabla hujalipia mpini, piga hesabu ya vichwa vinne kwa mwaka kwa kila mtu wa nyumbani. Mpini mmoja unaweza kutumika na wawili, kila mtu na kichwa chake chenye alama ya rangi, mradi ufutwe na vichwa visiguswane.

#17 SaketiNdogo

Na wiki ya kwanza msikate tamaa. Kichwa kitawasha ufizi na pua, sauti itapita kwenye mfupa wa taya. Funga midomo kuzunguka shingo ya mswaki, inamia sinki, acha povu lidondoke lenyewe. Anza na hali ya polepole kama ipo, kisha panda.